Saa Tatu Bila Kuinuka

Siku ya tano sasa fomu ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa koti la kazi, na Mama Chiriku alikuwa bado hajaijaza. Si kwamba ilikuwa ndefu. Ukurasa mmoja tu: jina, anwani, darasa uliloishia, na chini kabisa visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa "Masomo ya jioni, chuoni." Kingine kiliandikwa "Kujisomea nyumbani." Tia alama kimoja.

Fomu alipewa na mhasibu wa ghala la rangi alikofanya kazi, mzee ambaye wafanyakazi wote walimwita Mzee Wino kwa sababu hakuwahi kushika penseli tangu wamjue. Alichoandika alikiandika kwa wino, na akikosea alipiga mstari mmoja, akatia saini pembeni, akaendelea na maisha. Mama Chiriku alikuwa karani wa stoo. Kila kopo la rangi lililoingia na kila brashi iliyotoka lazima ipite kwenye kadi zake.

"Kadi zako ndizo pekee ambazo sizikagui mara mbili," Mzee Wino alimwambia siku ile. "Mimi naondoka mwezi wa sita mwakani. Nataka hiki kiti nimwachie mtu anayejua kwamba kopo likivuja bado ni kopo, linaandikwa."

"Mzee, mimi niliishia kidato cha pili."

"Nimekuuliza uliishia wapi? Cheti cha uhasibu cha hatua ya kwanza tu. Karo atalipa mwenye kampuni, nimeshaongea naye. Wewe chagua chuo au nyumbani, mtihani ni ule ule. Ila cheti kiwepo kabla sijaondoka, maana akishaletwa mtu wa nje hatoki tena."

Mama Chiriku alirudi stoo miguu haigusi sakafu. Kiti cha Mzee Wino kilikuwa kwenye chumba chenye dirisha. Yeye miaka sita alikuwa akifanya kazi chini ya taa ya umeme mchana kutwa, na harufu ya tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ilikuwa imemwingia hata kwenye nywele.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyekaa mtaa wa pili. Dada alikuwa na chumba cha mbele cha kushonea, pazia katikati, na nyuma ya pazia mahali pa wateja kujaribia nguo. Mtoto hakujaliwa, na hilo halikuzungumzwa. Alipozaliwa Chiriku ndiye aliyemvisha nguo ya kwanza, na ndiye aliyempachika jina hilo mtoto alipofika miezi minane na kuanza kubwata bila kupumzika.

"Chuo!" dada alisema, na cherehani akaisimamisha. "Chuo bila mjadala. Jioni ngapi kwa wiki?"

"Tatu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa."

"Basi Chiriku ni wangu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Unamtoa kwa mlezi saa kumi na moja, unanibwagia hapa, unakwenda zako. Nitamshonea gauni kila siku hizo, mpaka siku moja umkute ana kabati kubwa kuliko lako."

"Dada, utachoka."

"Nichoke na nini? Wewe mwenyewe nilikulea, na ulikuwa mbaya zaidi. Ulikuwa unang'ata."

Walicheka. Na mambo yangeishia pale, fomu ikajazwa, kama Mama Chiriku asingekwenda chuoni Alhamisi ile kuangalia kwanza.

Chuo kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Walimruhusu akae kiti cha nyuma asikilize. Wanafunzi walikuwa watu wazima watupu: mmoja bado na sare ya tarishi, mwingine na kitambulisho cha hospitali shingoni. Mwalimu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kufika mtaani. Akachora mstari katikati ya ubao, akamwita yule tarishi aje aandike mauzo upande wake. Jamaa akaandika. Upande usio wake.

Darasa zima likaangua kicheko. Tarishi naye akacheka, akafuta kwa kiganja, akaandika upya, wakampigia makofi. Yote hayo hayakuchukua hata dakika moja.

Mama Chiriku hakuyasikia makofi. Alichokisikia ni kile kicheko. Kikamrudisha kwenye ubao mwingine, wa miaka mingi nyuma, na mwalimu mwingine aliyemwacha amesimama na chaki mkononi kipindi kizima mpaka kengele ikalia, wenzake wakimnong'onezea majibu ya uongo. Mwaka ule ndio aliacha shule. Watu waliambiwa ni karo. Karo ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote, na hiyo nusu ya pili hakuwahi kumwambia mtu, hata Baba Chiriku, ambaye kwa vyovyote alikuwa barabarani na lori lake wiki tatu katika kila nne.

Ijumaa akaitoa fomu mfukoni, akaikunjua juu ya boksi la brashi, akatia alama kwenye kisanduku cha nyumbani. 

Sasa dada ataambiwa nini?

"Nimefikiria, dada," alimwambia jioni ile. "Nitasomea nyumbani. Ni kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto amefanyaje?"

"Mchana kutwa yuko kwa mlezi. Jioni tena nikamwache kwa mtu mwingine?"

Mguu wa dada ulikuwa bado uko kwenye pedali. Haukukanyaga.

"Mtu mwingine," dada alisema.

"Sikumaanisha hivyo."

"Hapana, nimeelewa. Mama ni mama." Akainamia kitambaa, akakanyaga, cherehani ikaunguruma, na hapakuwa tena na nafasi ya neno kupita.

Mama Chiriku aliondoka akijiambia kwamba dada hasira zake huwa hazilali. Na kweli hazikulala. Zilipoa tu, zikawa adabu. Tangu siku ile, akipita kusalimia, dada alimvutia kiti kile cha wateja, kile chenye mto, akampa maji kwenye glasi ya wageni. Zamani alikuwa akikaa sakafuni juu ya vipande vya vitambaa. Chiriku akamkimbilia mama mkubwa wake kama kawaida, naye akambusu kama kawaida, lakini hakumwomba tena alale. Na yale magauni aliyokuwa akimshonea ghafla ghafla yakakoma.

Vitabu vilifika kwa posta, saba, na mwongozo wa kijani. Lazima isemwe ukweli: alivipenda. Alizoea kuandika makopo yaliyoingia na yaliyotoka bila kujua kwamba alichokuwa akifanya kina jina, sasa akawa kama mtu aliyeimba miaka yote halafu akaonyeshwa noti za muziki. Alijifunza kuandaa urari, zile safu mbili za tarakimu zinazotakiwa kulingana chini, na mara ya kwanza zilipolingana alipiga meza kofi mpaka Chiriku akaanza kulia.

Ila masomo ya nyumbani yana namna yake, na Mama Chiriku alijitungia ya kwake bila kujijua. Alikuwa na dakika ishirini. Ukimkalisha Chiriku na vikombe vya plastiki na mwiko, unapata dakika ishirini, kisha utaitwa. Mama maji. Mama kimemwagika. Mama njoo uone. Akiitwa aliinuka, na akirudi uzi umeshakatika, hajui alifika tarakimu ipi. Basi alianza swali upya kutoka juu. Mara ya pili lilikuwa rahisi zaidi. Mara ya tatu aliweza kulijibu macho yamefumba. Akadhani huko ndiko kuelewa.

Kila mwezi alituma kazi kwa msahihishaji, ambaye hakumjua zaidi ya herufi mbili za jina na kalamu nyekundu. Kazi zilirudi na alama nzuri. "Safi sana," kalamu nyekundu iliandika mara moja. Na chini yake: "Ulifanya kwa muda uliopangwa?"

Akajibu ndiyo. Si uongo mkubwa. Muda ukiujumlisha vipande vipande, ulikuwa ndio huo huo.

Mwezi wa mwisho mwongozo wa kijani ukamtaka jambo moja tu. "Kabla ya mtihani, jibu karatasi moja nzima, saa tatu mfululizo, bila kuinuka kitini. Ukimaliza, tia alama hapa."

Saa tatu. Alizitafuta kila mahali. Usiku Chiriku hakumaliza saa mbili bila kuamka na kuita. Jumamosi alifanya kazi mpaka mchana, na mlezi alifunga saa hiyo hiyo. Likizo yake yote ilikwisha Chiriku alipougua tetekuwanga. Baba Chiriku alipigiwa simu akasema, "Mke wangu, nitarudi tarehe kumi na nane," na mtihani ulikuwa tarehe kumi na moja. Jirani wa upande wa kulia alikuwa na wanne wake. Kila alipoangalia, saa tatu zilikuwa mahali pamoja tu, mtaa wa pili, nyuma ya pazia.

Jumapili moja akapiga moyo konde, akambeba mtoto, akatia karatasi ya majaribio kwenye mkoba, akaenda.

"Karibu," dada alisema, akavuta kile kiti. "Umeleta nguo?"

Mkoba ulikuwa mapajani, umefungwa. Maneno yote alikuwa ameyapanga njiani. Lakini atasemaje? Yule mtoto asiyeweza kuachwa kwa mtu mwingine jioni, mbona Jumapili anaachika? Angesema hivyo, lazima aseme na lile lingine: chuo, tarishi, ubao, na kwamba mwaka mzima dada yake amebebeshwa lawama ambayo haikuwa yake.

"Hapana," akasema. "Nimepita tu kusalimia."

"Haya. Na masomo?"

"Yanakwenda."

"Mungu akusaidie, mama."

Mama. Kama anavyowaita wateja.

Akanywa maji yake, akarudi nyumbani. Kwenye mwongozo wa kijani akatia alama.

Siku ya mtihani Chiriku alikuwa kwa mlezi, kampuni imetoa ruhusa, na Mzee Wino alimpa kalamu yake moja kwa mkono wake mwenyewe. "Kosa, piga mstari, endelea," alimwambia. "Usirudi nyuma kufuta futa."

Maswali matano. Akayasoma yote, moyo ukatulia, kwa sababu hakuna hata moja ambalo hakulijua. Akaanza la kwanza kwa raha zake. Alikuwa katikati ya safu ya pili wakati kichwa kilipoinuka chenyewe.

Hakuna aliyemwita. Ukumbi ulikuwa kimya, msimamizi anasinzia, mtu mmoja anakohoa mbele. Lakini sikio lake lilikuwa limesimama likisubiri "mama". Dakika ishirini zilikuwa zimekwisha na mwili ulijua. Alipoinamisha kichwa, uzi ulikuwa umekatika. Akafanya kile alichokifanya mwaka mzima: akaanza swali upya kutoka juu.

Hakushtuka hata. Lilimjia kama kupumua. Swali la pili likawa hivyo hivyo, na la tatu hivyo hivyo, kila moja mara mbili, jingine mara tatu, safi, nadhifu, sahihi. Alipogeuza ukurasa kuanza la nne msimamizi alikuwa amesimama.

"Wekeni kalamu chini."

Akaangalia saa ya ukutani kama anayeangalia mtu aliyemwibia.

Matokeo yalikuja baada ya wiki saba. Kufaulu ni hamsini. Yeye alipata arobaini na nane, na zote zilitokana na maswali matatu, maana katika hayo alikosa sehemu moja moja tu. Mtu aliyepata alama za juu namna ile katika kila alichogusa, akafeli. Mzee Wino aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Muda," alisema.

"Muda, mzee."

"Hukufanya mazoezi ya saa tatu? Mbona huwa wanasisitiza?"

 Alitazama dirisha. Mtihani mwingine ulikuwa baada ya miezi minane, na Mzee Wino alikuwa na miezi mitatu tu. Alimtetea kwa mwenye kampuni, hilo Mama Chiriku alilisikia mwenyewe kupitia ukuta, mzee akipaza sauti kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Haikusaidia. Akaletwa binti mmoja kutoka nje, ana cheti, ana adabu, kila asubuhi anapita stoo kusalimia na kuuliza, "Dada, kadi hizi ulijifunza wapi? Sijawahi kuona kazi safi hivi." Na huwezi hata kumchukia mtu wa namna hiyo. Hilo lilimchoma kuliko yote.

Akaenda kwa dada siku ya kazi, saa ya mchana, bila mtoto na bila mkoba. Kiti kilipovutwa hakukikalia.

"Dada, haikuwa mtoto."

Dada alikuwa na pini mbili mdomoni. Akazitoa. "Nini haikuwa mtoto?"

Basi akasimulia, amesimama hivyo hivyo katikati ya vitambaa: ngazi za chuo, yule tarishi, kile kicheko, ubao wa zamani. Alipofika kwenye Jumapili ile ya kusalimia alionyesha kwa mikono tu jinsi alivyoukumbatia mkoba.

Dada alizigeuza zile pini mbili kiganjani.

"Kwa hiyo ulikuwa unaogopa chaki."

"Ndiyo."

"Ukanitia mimi mbele, niwe ngao yako."

"Ndiyo, dada."

"Unajua mimi mwaka mzima nilifikiri nini? Nilifikiri umeona namnyang'anya mtoto. Nikawa nikimbeba najihesabia, nisimbebe sana. Kuna gauni hapo kabatini la njano, nimelishona tangu mwaka jana, sikulileta. Nilijiambia, akiliona atasema huyu naye, asiye na wake." Akachomeka pini kwenye mkono wa nguo, kwa nguvu isiyohitajika. "Sasa hata halimwingii."

Mama Chiriku akaketi sakafuni. Dada hakumkataza.

"Nataka kwenda chuo," alisema baadaye. "Hata wakinicheka."

"Nenda."

"Zile jioni tatu..."

"Zile nimeshazitoa, mdogo wangu." Dada alisema taratibu, na ule upole ndio uliouma. "Nilikaa hapa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, chumba kimya, nikaona nitakuwa kichaa. Nikachukua kazi ya sare za shule. Ni kila jioni sasa, nimeweka saini miaka miwili. Ungeniambia wakati ule."

"Najua."

"Ungesema tu, dada, naogopa. Ningekusindikiza mpaka mlangoni. Ningekaa nje na mtoto, humo ndani wacheke wanavyotaka."

Fomu ya pili ilikuwa kama ya kwanza, visanduku viwili, na safari hii hapakuwa na cha kuchagua. Akatia alama kile kile cha nyumbani. 

Lakini Jumapili dada alikuwa na nafasi. Jumapili ya kwanza baada ya hapo Mama Chiriku alimpeleka Chiriku asubuhi, akapita nyuma ya pazia, akaketi kwenye meza ya kupigia pasi. Karatasi ya maswali ya mtihani ule ule waliruhusiwa kuondoka nayo. Alikuwa nayo bado. Akaweka saa mbele yake, akaanza.

Kichwa kiliinuka baada ya dakika ishirini. Nje ya pazia Chiriku alikuwa akieleza habari ndefu ya paka, na dada akiitikia, "Eti? Kisha? Wewe ukamwambiaje?" Hakuna aliyemwita. Akatia kidole kwenye tarakimu aliyofikia, akakiacha hapo hapo mpaka jicho liliporudi, akaendelea. Kikainuka tena, akatia kidole tena. Baada ya saa ya kwanza kichwa kikachoka kuinuka.

Alimaliza swali la tano. Akajumlisha safu ya kushoto, akajumlisha ya kulia, zikalingana. Kwenye saa kulikuwa kumebaki dakika kumi na moja.

Akaangalia zile karatasi. Yote matano. Yote yalikuwa yamo kichwani tangu siku ile; angeyaandika yote, mwenye kampuni angeona cheti, na Mzee Wino angeondoka akiwa amemkabidhi dirisha. Kilichokosekana kilikuwa asubuhi moja ya Jumapili kama hii, na neno moja la kuiombea.

"Umemaliza?" dada aliuliza kutoka upande wa pili, kalamu iliposikika ikiwekwa chini.

"Nimemaliza. Zimebaki dakika kumi na moja."

Ikafuata sauti ya Chiriku, "Mama mkubwa, nimwite?"

"Mwache," dada alisema. "Bado ana dakika zake."

Mama Chiriku hakuinuka. Aliweka viganja juu ya karatasi, akaziacha dakika zipite moja moja, akimsikiliza mwanawe akimalizia ile habari ya paka.